Bustani ya Dawa Nyuma ya Jiko

Katika kijiji kimoja cha teritwari ya Pangi, katika Maniema, palikuwa na bibi mzee aliyekaa pamoja na binti yake na wajukuu wawili. Mjukuu mkubwa alikuwa msichana wa darasa la tano. Mdogo alikuwa mvulana wa miaka mitatu. Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine za huko: mbele uwanja uliofagiwa, nyuma jiko, migomba, mihogo ya kuchuma sombe, na baada ya hapo msitu.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, mtoto mdogo alianza kuharisha. Akaharisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Bibi alijua dawa. Tangu ujana wake alizoea kuchemsha majani ya mpera kwa mtu mwenye tumbo la kuharisha. Lakini mpera wa karibu ulikuwa ng'ambo ya kijito, na kijito kilikuwa kimejaa. Nani angevuka gizani? Wakangoja kupambazuke. Asubuhi macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hapakutoka machozi.

Jirani mmoja aliyefundishwa kuangalia afya ya watu kijijini aliitwa. Akamshika mtoto, akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi upesi.

"Mama," akamwambia bibi kwa heshima, "mtoto anakauka. Anatoka maji mengi, wala hayarudishwi. Mna maji yaliyochemshwa?"

"Yako ya jana usiku, mwanangu."

Jirani akapima lita moja ya maji yale safi. Akatia vijiko vidogo sita vya sukari, visivyo na kilima juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Akakoroga, akaonja. Maji yale hayapasi kuzidi chumvi ya machozi. Akaanza kumnywesha mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo. Mtoto akatapika. Jirani akangoja dakika kumi, akaanza tena polepole. Mama wa mtoto akampanda nyuma ya baiskeli ya mjomba, mtoto mapajani, chupa mkononi, wakaenda kituo cha afya. Njia nzima mama alikuwa akimpa kijiko kimoja kimoja. Huko wakapewa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki vya siku kumi. Mtoto akapona.

Yafaa kuelewa vizuri jambo hili. Majani ya mpera yana ukali ule unaokaza ulimi, na ukali huo husaidia tumbo kutulia. Lakini mtoto anayeharisha hauawi na tumbo lenyewe. Huuawa na kukauka. Kwa hiyo maji ya sukari na chumvi ndiyo ya kwanza, na kwa mtoto anyonyaye, maziwa ya mama hayakatwi hata kidogo. Majani ya mpera huja nyuma yake, kwa watu wazima na watoto wakubwa. Na mtu akiona damu katika choo, au mtoto hawezi tena kunywa, au macho yameingia ndani, haketi nyumbani kuchemsha kitu.

Baada ya siku chache msichana alimwuliza bibi yake: "Bibi, kwa nini tusiulete mpera huku kwetu?"

Bibi akacheka. "Mjukuu wangu, dawa inakaa msituni. Ndivyo tulivyoikuta."

"Na mihogo je, bibi? Si watu waliileta uwanjani?"

Bibi akanyamaza. Kesho yake akachukua jembe.

Walichagua mahali nyuma ya jiko, upande wa mashariki, ambapo jua la asubuhi hufika. Choo na shimo la takataka vilikuwa upande mwingine kabisa, maana maji machafu hutembea chini ya udongo, na dawa iliyoota kando ya choo ni dawa ya kuleta ugonjwa. Jiko lilikuwa hatua chache tu, hata maji ya kuoshea mchele na ndizi yaliweza kumwagwa bustanini. Maji ya sabuni hapana. Wakazungusha ua wa fito, kwa sababu mbuzi hajui kutofautisha dawa na chakula, na kuku huchakura kila kitu kilichopandwa jana.

Pangi ina bahati yake. Iko katika nchi ya msitu, digrii chache tu kusini ya ikweta, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Hupungua kidogo mwezi wa Juni na wa Julai. Mmea uliopandwa mwezi wa Septemba au Oktoba hauhitaji mtu wa kubeba ndoo kila jioni. Kazi kubwa ya bustani huko si kumwagilia, ni kupalilia: majani mabaya hukua upesi kuliko mazuri.

Mmea wa kwanza ulikuwa mchaichai. Hakuna mmea mwepesi kuliko huo. Bibi aliomba shina moja kwa jirani, akaling'oa pamoja na mizizi, akaligawa vipande vitano kwa mikono. Akakata majani juu, akaacha urefu wa shibiri moja, ili kipande kisipoteze maji kabla ya mizizi kushika. Akapanda vipande kwa mstari, kati ya kimoja na kimoja hatua moja. Miezi michache baadaye kila kipande kilikuwa kichaka. Mstari huo aliuweka penye mteremko makusudi, ili mizizi ishike udongo mvua isiusombe. Majani yake, yakitiwa katika maji ya moto na kufunikwa, hutoa kinywaji cha harufu nzuri. Humfaa mwenye mafua na mwenye tumbo lililojaa hewa. Watoto wajihadhari: ukingo wa jani hukata kidole kama wembe.

Watu wengi husema kwamba mchaichai ukipandwa mlangoni hufukuza mbu. Si hivyo. Ni kweli kwamba mafuta yaliyo ndani ya majani huwachukiza mbu, lakini ni lazima majani yapondwe, na harufu yake haikawii kwisha. Mmea uliosimama mlangoni haumzuii mbu kuingia. Nyumba yenye mchaichai na isiyo na chandarua ni nyumba ya mbu.

Baada ya mchaichai wakapanda lumbalumba, ambayo ni ndugu wa kivumbasi cha pwani. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na mtu akizifukia chini sana haziioni njia ya kutoka. Hutawanywa juu ya udongo laini na kupapaswa kwa kiganja tu. Asiyetaka taabu ya mbegu hukata tawi na kulisimika penye unyevu. Majani yake huponda mtu akayanusa pua ikiziba, au huyatia katika maji ya moto kwa kikohozi cha mafua. Mapishi nayo huyapenda.

Tangawizi ilipandwa kivulini chini ya mgomba: kipande chenye jicho, vidole viwili chini ya udongo, basi. Huchimbwa baada ya miezi minane au tisa majani yanapokauka. Inajulikana na wote, haina haja ya maneno mengi.

Mshubiri ulileta taabu. Bibi aliletewa mche mmoja kutoka Kindu, akaupanda katikati ya bustani kama mingine. Baada ya majuma matatu ulikuwa umeoza shina. Mshubiri ni mmea wa nchi kavu. Huweka maji yake ndani ya majani manene, na mvua ya Maniema huuzamisha. Mche wa pili waliupanda katika sufuria kuukuu iliyotobolewa chini, udongo ukachanganywa na mchanga nusu kwa nusu. Wakauweka chini ya upenu wa nyumba, mahali pa jua pasipo mvua. Huko ukakaa vizuri, wala hawakuutia maji ila mara moja kwa juma.

Kazi ya mshubiri ni ngozi. Mtoto akiungua kidogo kwa chungu, kwanza mahali palipoungua hutiwa chini ya maji safi ya baridi dakika ishirini. Si mafuta ya ngazi, si mavi ya ng'ombe, si dawa ya meno. Ndipo jani la mshubiri hupasuliwa, na ute ule mweupe wa katikati hupakwa juu. Chini ya ngozi ya jani hutoka pia maji ya manjano, machungu. Hayo yaachwe yatiririke kwanza, kwa maana yakimezwa huendesha tumbo kwa nguvu. Na kuungua kukubwa kuliko kiganja cha mtoto, au kwa uso, au kwenye mapumbu na sehemu za siri, ni kazi ya kituo cha afya.

Na mpera? Walipanda mbegu za tunda moja. Ziliota nyingi, wakaacha mche mmoja wenye nguvu. Mpera huzaa baada ya miaka michache, lakini majani haingojewi mpaka tunda litoke.

Mmea wa mwisho ulikuwa ule mchungu, ambao watu wa Kivu huuita mubirizi. Bibi alikata fimbo mbili za urefu wa mkono, akazichomeka ardhini, akaondoka. Juma la tatu zilikuwa na majani. Mubirizi hupandwa hivyo katika Afrika nyingi, hata kuwa ua wa nyumba, na penye nchi nyingine majani yake huoshwa na kufikichwa mpaka uchungu upungue, kisha huliwa kama mboga. Wazee huutumia kwa tumbo na minyoo.

Tena si wanadamu tu wanaoujua. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika Tanzania, kuna milima ya Mahale, na ndani ya msitu wake wanakaa sokwe-mtu. Mwaka 1987 mtaalamu mmoja, Michael Huffman, alikuwa akiwafuata pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa nchi ile aliyejua vizuri miti ya dawa. Waliona sokwe mmoja jike aliyekuwa mgonjwa. Hakutaka kula kama wenzake, alilala lala mchana. Kisha akashika tawi la mubirizi, ambao Watongwe wa huko huuita mjonso. Akaacha majani, akamenya gome, akatafuna moyo wa tawi na kunyonya maji yake machungu. Sokwe wengine hawakugusa. Kalunde akaeleza kwamba Watongwe nao hutumia mti huo kuwa dawa. Siku iliyofuata sokwe yule alikuwa na nguvu tena, akila kama kawaida. Wataalamu waliendelea kuchunguza miaka mingi, wakaona kwamba sokwe hutumia mti huo hasa wakati wa mvua, minyoo inapozidi.

Tazama jinsi sokwe yule alivyofanya: alimenya, akanyonya kidogo, akaacha. Dawa ni kipimo. Mtu anayedhani kwamba kikombe kimoja kikisaidia basi vikombe vitano vitasaidia zaidi, huyo hajafika kwa akili ya sokwe. Mama mwenye mimba hapewi dawa chungu za majani. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chai ya majani yoyote. Chakula chake ni maziwa ya mama.

Bibi alipenda pia kila mmea uwe na jina lake. Msichana akaandika majina kwenye vibao kwa kaa la moto. Kazi hii si mchezo. Katika vijiji vingi ua hufanywa kwa miti ya mbono, na mbegu za mbono mdomoni si mbaya, watoto huzionja kama karanga. Saa chache baadaye hutapika na kuharisha vibaya. Mmea unaofanana na dawa si dawa, na asiyejua mmea kwa jani, kwa ua na kwa harufu asiuchume.

Majani ya kuweka yalichumwa asubuhi umande ulipokauka, yakafungwa mafungu madogo na kuning'inizwa kivulini penye upepo. Jua kali huondoa harufu, na harufu hiyo ndiyo dawa yenyewe. Penye moshi wa jiko hukauka vizuri, lakini chai huonja moshi. Majani yaliyoota ukungu yalitupwa, wala bibi hakuyahurumia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, mtoto yule mdogo alishikwa na homa. Mwili ulikuwa wa moto, alitetemeka, alilalamika kichwa. Bibi alikwenda moja kwa moja bustanini akachuma mubirizi.

Msichana akamfuata. "Bibi, hii ni homa."

"Naona, mjukuu wangu. Tangu zamani homa tuliipa uchungu."

"Mwalimu alisema mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa, asingoje."

Bibi akasimama na majani mkononi. Hakuwa mtu wa kukubali upesi. Lakini alikumbuka asubuhi ile ya mwezi wa Novemba, na macho yaliyoingia ndani. Akayaweka majani juu ya ua, akafunga kitenge.

Kituoni muuguzi alimchoma mtoto kidole kwa sindano ndogo, akachukua tone la damu, akalitia katika kipimo kidogo cha plastiki. Wakangoja. Mistari miwili ikatokea. Mstari mmoja huonyesha tu kwamba kipimo ni kizima. Wa pili ulionyesha malaria. Mtoto akapewa vidonge vya siku tatu, na mama akaambiwa avimalize vyote hata homa ikishuka siku ya pili.

Bibi akauliza: "Vidonge hivi vimetengenezwa kwa nini?"

Muuguzi akafurahi kwa swali hilo, akaeleza. Dawa kubwa mbili za malaria zilitoka kwa mimea. Ya kwanza ni kinini. Ilitoka kwa gome la mti wa kinkina wa Amerika ya Kusini, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitenga na gome. Baadaye kinkina ilipandwa hata katika Kongo, kwenye milima ya Kivu kandokando ya Bukavu. Ya pili imo katika vidonge vile vile alivyoshika mama mkononi. Inatoka kwa artemizia, majani ya Uchina, ambayo pwani huitwa pakanga. Katika mwaka 1972 mama mmoja Mchina, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walifaulu kutoa dawa iliyo ndani yake. Walikuwa wamesoma vitabu vya kale vya waganga wa kwao. Walipochemsha majani, nguvu ilipotea. Walipotoa dawa bila moto mkali, ikafaulu. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa zawadi ya Nobel.

"Basi na tupande artemizia!" akasema bibi.

"Watu wengi wanasema hivyo, mama. Lakini dawa ile haiyeyuki vizuri katika maji. Jani hili lina nyingi, lile lina kidogo, na anayekunywa chai hajui amekunywa kiasi gani. Kama ni kidogo, vijidudu vya malaria havifi vyote. Vinavyobaki vinazoea dawa, na kesho hata vidonge vinashindwa. Kwa hiyo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba haliungi mkono chai ya artemizia kwa kuponya malaria wala kuizuia. Bustani yako ni nzuri, mama. Mafua, tumbo la hewa, kuungua kidogo, hayo uyatibu nyumbani. Homa ya mtoto uniletee mimi."

"Na mubirizi wangu?"

"Uache uote. Lakini usiumpe pamoja na vidonge."

Walirudi jioni. Majani ya mubirizi yalikuwa bado juu ya ua, yamenyauka. Bibi aliyatupa chini ya mgomba, akachuma mchaichai kwa ajili yake mwenyewe, maana mwendo ulikuwa mrefu na miguu ilimwuma. Siku ya nne mtoto alikuwa bustanini, akitoa fito za ua moja moja, na mbuzi wa jirani amesimama nyuma yake akingoja.

MAULIZO

1. Kwa nini watu wa nyumba ile hawakupata majani ya mpera usiku ule?
2. Eleza jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi. Pima mbele ya wenzako.
3. Mshubiri wa kwanza ulikufa kwa sababu gani? Wa pili ulipandwaje?
4. Sokwe-mtu wa Mahale alitumia sehemu gani ya mubirizi?
5. Mistari miwili ya kipimo ina maana gani?
6. Nenda nyumbani, uliza wazee majina ya mimea mitatu ya dawa katika lugha yenu. Andika pia kila mmoja unapandwa kwa mbegu, kwa tawi au kwa shina.